Uyoga wa Uwanjani: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Iliyodhani Imechuma Uyoga wa Kichuguu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu familia moja ya mjini, mashariki mwa Tanzania, iliyougua usiku mmoja wa masika baada ya kula uyoga uliochumwa kwenye uwanja wa nyasi karibu na nyumbani. Majina, mji, mwaka, kazi za wahusika na umri wao kamili vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kuitambulisha familia yamebadilishwa. Mambo yanayobeba funzo, yaani uyoga wenyewe, saa, maamuzi na sababu zake, yameachwa kama yalivyokuwa.

Nimekichagua kwa sababu aliyeukubali uyoga ule hakuwa mgeni wa mambo ya uyoga. Alikuwa bibi aliyeanza kuuchuma akiwa mtoto, na kwa miaka yote aliyoishi kwao hakuwahi kumlisha mtu uyoga uliomdhuru. Mtu asiyejua uyoga akila chochote anachokiona njiani na kuugua, tunachojifunza ni kidogo. Mtu anayeujua anapokosea, na kila alichokisema siku ile kilikuwa kweli, inatupasa tukae na kisa hicho kwa muda mrefu zaidi.

Usuli

Bibi alizaliwa na kulelewa magharibi mwa nchi, katika ukanda wa miombo. Msitu wa namna hiyo, unaotawaliwa na miti ya Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, una utajiri mkubwa wa uyoga unaoliwa, kwa sababu mizizi ya miti hiyo huishi kwa ushirika na nyuzi za uyoga zilizomo udongoni: nyuzi huisaidia miti kupata maji na madini, nayo miti huzipa nyuzi sukari. Mvua zinapoanza, msitu hutoa uyoga wa njano wenye umbo la tarumbeta, uyoga unaotoa utomvu mweupe ukikatwa, na uyoga mkubwa mweupe wa Amanita loosii unaochomoza ardhini ukiwa ndani ya kifuko. Mbali na huo kuna uyoga wa vichuguu, wa jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu) Termitomyces, usiotegemea miti bali mchwa, ambao huulima chini ya ardhi juu ya masega yao na kuula.

Katika maeneo hayo kuchuma uyoga ni kazi ya wanawake na watoto kwa sehemu kubwa, na elimu yake hupitishwa kwa kutembea. Mtoto humfuata mama au bibi yake msituni, huuona uyoga ukiwa mahali pake, huuchimbua, huunusa, na huambiwa jina lake na jina la ule unaofanana nao usioliwa. Kwa njia hiyo bibi wa kisa hiki alijua aina nyingi kuliko ambazo mtaalamu wa chuo angeweza kuzitaja papo hapo bila darubini.

Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe mjini. Nyumbani kulikuwa na mwanawe huyo, mkewe, na watoto watatu, mdogo wao akiwa hajaanza shule. Hapo mjini hakuna miombo. Kuna miti ya kivuli iliyopandwa, bustani, na nyasi zinazokatwa mara kwa mara kwenye viwanja vya taasisi mbalimbali.

Mfuatano wa matukio

Baada ya mvua kubwa ya siku mbili, watoto wawili wakubwa walirudi kutoka kucheza wakiwa na habari kwamba uwanja wa taasisi ya jirani umejaa uyoga mweupe mkubwa. Bibi aliwauliza maswali mawili: una rangi gani, na je, pale pana kichuguu? Wakamjibu kwamba ni mweupe, na kwamba hapo zamani palikuwa na kichuguu kabla tingatinga halijasawazisha uwanja. Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli. Kuondoa kilima cha juu hakuwaui mchwa wote walio chini, na mtu anayejua vichuguu anajua kwamba uyoga wake unaweza kuendelea kuota hata pale ambapo jicho halioni tena kilima. Bibi akaona habari imekamilika, akawapa kisu na kapu.

Watoto waliukata uyoga juu kidogo ya ardhi ili usichafuke kwa udongo. Wakachagua ule mchanga, ambao kofia yake ilikuwa bado imefumba au ndiyo kwanza inafunguka, kwa kuwa ulionekana laini na hauna wadudu. Wakiwa njiani kurudi waliona uyoga mwingine mdogo, mweupe pia, chini ya miti iliyopandwa ukingoni mwa uwanja, wakauchuma na kuutia katika kapu lilelile. Nyumbani, binti mkubwa aliosha kila kitu kwenye beseni na kukwangua magamba ya kahawia yaliyokuwa juu ya kofia, akidhani ni uchafu.

Bibi aliuona uyoga kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye sinia, umeoshwa na kukwanguliwa, hauna kitako cha shina, na aina mbili zimechanganyika. Mama wa nyumba aliona pete kwenye baadhi ya mashina, akauliza kwa heshima, "Mama, huu wa kwenu huwa na pete?" Bibi akamjibu, "Upo wenye pete, na upo usio na pete." Jibu hilo nalo lilikuwa sahihi, kwa maana baadhi ya uyoga wa vichuguu huwa na pete na mwingine hauna.

Mama hakuridhika kabisa. Akachemsha kiasi kidogo pamoja na kitunguu saumu, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba kitunguu hubadilika rangi kikikutana na uyoga wenye sumu. Kitunguu kilibaki cheupe. Uyoga ukapikwa kwa karanga, ukaliwa na ugali yapata saa moja na nusu usiku. Baba alikuwa kazini zamu ya usiku, hivyo sehemu yake ikafunikwa na kuwekwa kwenye friji.

Saa tatu na nusu mtoto mdogo alianza kutapika. Katika muda wa nusu saa wakafuata watoto wakubwa na mama, wakiwa na tumbo la kukata na kuharisha. Bibi alikula kidogo kwa kuwapendelea wajukuu, na akaugua mwisho na kwa wepisi zaidi. Watoto walipewa maziwa, kama inavyofanyika katika nyumba nyingi mtu anapodhaniwa amekula sumu, nao wakayatapika. Mama akajaribu kumtapisha mtoto mdogo kwa kidole, ingawa tayari alikuwa akitapika mwenyewe. Kufikia saa tano na nusu mtoto huyo alikuwa amelegea na haulizi tena maji. Jirani mwenye gari akaamshwa, na familia ikafika kituo cha afya karibu na saa saba usiku. Wakiwa njiani mama alimpigia mumewe simu akamwambia asile kilichomo kwenye friji, na pia asikitupe.

Maamuzi ya kituoni na sababu zake

Tabibu wa zamu alianza na mtoto mdogo. Macho yalikuwa yamedidimia, ngozi ya tumbo ikibanwa ilirudi polepole, na hakuwa amekojoa tangu jioni. Akawekewa dripu mara moja, na wengine wakaanzishiwa ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kunywa, kwa vikombe vidogo vidogo. Hapo hakukuwa na la kufikiri sana, kwa kuwa mtoto anayeharisha na kutapika kwa kasi ile huuawa kwanza na upungufu wa maji, sumu iwe ya namna gani.

Uamuzi mgumu ulikuwa wa pili, nao ndio unaokifanya kisa hiki kifae kufundishia. Tabibu aliuliza mambo manne: mlikula nini, saa ngapi, nani alikula na nani hakula, na je, uyoga ulikuwa wa aina moja? Kwa maswali matatu ya kwanza picha ilikuwa ya kutuliza moyo. Dalili zilianza saa mbili hivi baada ya kula. Uyoga unaoua kwa kuharibu ini, ambao unaojulikana zaidi duniani ni Amanita phalloides, kwa kawaida huchelewa: mtu hula, hulala, na huanza kutapika na kuharisha kati ya saa 6 na 24 baadaye. Kutapika kwa mapema namna ile hutokana mara nyingi na uyoga unaochokoza tumbo, ambao hutesa sana lakini hauharibu ini.

Swali la nne likabadilisha mambo. Binti mkubwa alieleza kuhusu uyoga mdogo wa chini ya miti. Tabibu akaandika kwenye kadi kwamba mlo ulikuwa wa aina zaidi ya moja, na kwamba dalili za mapema za uyoga mmoja haziwezi kutumika kuuondolea lawama mwingine. Mtu aliyekula aina mbili anaweza kutapika saa mbili baadaye kwa sababu ya ule wa kwanza, akapata nafuu asubuhi, na kumbe sumu ya ule wa pili imeshaingia kwenye ini na inafanya kazi kimyakimya.

Kwa hiyo asubuhi, wote walipokuwa wamepata nafuu na familia inaomba kurudi nyumbani, tabibu alikataa. Aliwaeleza kwamba katika sumu ya Amanita kuna siku ya nafuu ya uongo: kuharisha hukoma, mgonjwa huketi na kula, na katika siku ya tatu hadi ya tano ini hushindwa. Sumu hiyo, amatoksini, huzuia chembe za ini kutengeneza protini zinazozihitaji ili kuishi, na uharibifu huo huendelea wakati mgonjwa anajiona amepona. Akaagiza wapelekwe hospitali kubwa zaidi kwa ajili ya vipimo vya ini na figo, virudiwe kwa siku mbili, na sehemu ya baba iliyokuwa kwenye friji isafiri nao.

Matokeo

Vipimo vya ini vya wote watano vilikuwa vya kawaida siku ya kwanza, na vilibaki hivyo vilipomalizika zaidi ya saa 48 tangu mlo. Mtoto mdogo alihitaji dripu hadi mchana wa siku ya kwanza. Familia iliruhusiwa siku ya tatu, na hakuna aliyepata madhara ya kudumu.

Utambuzi wa uyoga wenyewe ulipatikana kwa njia nyepesi kuliko watu walivyotarajia. Chakula kilichopikwa hakikusaidia sana, kwa kuwa uyoga ukishapikwa na kuchanganywa na karanga hupoteza karibu kila alama. Lakini baba, kwa kushauriwa na tabibu, alikwenda uwanjani asubuhi na kuchimbua uyoga mzima kadhaa pamoja na vitako vyake, akaufunga kwenye gazeti, aina moja mbali na nyingine. Ule mkubwa ulikuwa umefunguka usiku. Kofia ilikuwa pana kuliko sahani ya kawaida, nyeupe, yenye magamba ya kahawia yaliyosongamana katikati. Pete ilikuwa nene na ilisogea juu na chini ya shina bila kukatika. Kitako kilivimba kidogo na kuishia hapohapo. Mikunjo ya chini ya kofia, ambayo kwa uyoga mchanga ilikuwa myeupe, ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya kijani kibichi kilichofifia.

Kofia moja ililazwa juu ya karatasi nyeupe usiku kucha na kufunikwa kwa bakuli. Asubuhi ilikuwa imeacha unga wa kijani kijivu wa spora, yaani mbegu ndogo mno ambazo uyoga huzaliana kwazo. Uyoga wenye umbo lile, unaoota kwenye nyasi na kutoa spora za rangi ile, ni Chlorophyllum molybdites, unaopatikana katika nchi nyingi za joto, Afrika ikiwamo, na unaojulikana kwa kusababisha kutapika na kuharisha kukali ndani ya saa chache. Uyoga mdogo wa chini ya miti haukuwa na kifuko kwenye kitako wala pete, na haukuwa wa jenasi ya Amanita. Taarifa hiyo, ikichukuliwa pamoja na vipimo vya ini, ndiyo iliyofunga jalada.

Uchambuzi: alama za kweli zisizotosha

Ukizipanga hoja za bibi moja moja, hakuna hata moja iliyokuwa uongo. Uyoga wa kichuguu mwingi ni mweupe au wa rangi hafifu, huchomoza baada ya mvua kubwa, huota penye mchwa hata kilima kikiwa kimesawazishwa, na mwingine una pete. Tatizo ni kwamba Chlorophyllum molybdites nao ni mweupe, nao huchomoza baada ya mvua, nao unaweza kuwa na pete, na unaota kwenye nyasi popote, juu ya kichuguu cha zamani au mbali nacho. Alama inayopatikana kwa wote wawili haitambulishi yeyote. Bibi alikusanya alama nyingi zinazokubaliana na uyoga anaoupenda, na hakupata nafasi ya kutafuta hata moja ambayo ingeukataa.

Alama za kukataa zilikuwapo, na zote ziliondolewa kabla uyoga haujafika mbele yake. Hili ndilo ningependa kila mchumaji alizingatie. Uyoga wa kichuguu, katika aina nyingi, una mzizi mrefu unaoshuka kutoka kwenye shina hadi kwenye masega ya mchwa, wakati mwingine kwa urefu unaozidi mkono. Aina ndogo sana inayoota kwa makundi haina mzizi huo, lakini haiwezi kuchanganywa na uyoga wa ukubwa wa sahani. Kama kitako kingechimbuliwa, kukosekana kwa mzizi kungemaliza mjadala pale pale uwanjani. Kisu cha watoto kiliuacha ushahidi huo ardhini. Katikati ya kofia ya uyoga wa kichuguu aghalabu kuna kichomozo kigumu, ambacho ndicho kinachotoboa udongo. Kwenye ule wa uwanjani palikuwa na rundo la magamba, nayo yalikwanguliwa kwenye beseni. Rangi ya spora za uyoga wa kichuguu huelekea waridi hafifu, na za ule wa uwanjani ni za kijani. Lakini watoto walichuma ule mchanga tu, ambao mikunjo yake bado haijapata rangi, na uliokomaa wakauacha.

Nasisitiza jambo hilo la uyoga mchanga kwa sababu watu wengi huuona kuwa ndio salama, kwa kuwa ni laini na safi. Kwa mlaji ni kweli una ladha nzuri zaidi. Kwa mtambuzi ndio wenye hatari zaidi, kwa maana alama nyingi za aina huonekana kofia inapofunguka. Hata Amanita zenye sumu, zikiwa bado ndani ya kifuko, zinaweza kufanana na uyoga mwingine kiasi kwamba ni lazima zipasuliwe katikati ndipo mtu aone umbo la kofia na mikunjo inayojiunda ndani.

Uchambuzi: elimu inayofungamana na mahali

Baadhi ya waliosikia kisa hiki walisema kwamba kimeonyesha elimu ya wazee haifai kutegemewa. Sikubaliani nao hata kidogo. Kanuni nyingi zinazoandikwa kwa ajili ya wachumaji wa Ulaya zingewanyima watu wa miombo chakula chao halali. Mfano mzuri ni kanuni ya kutokula kabisa uyoga wenye kifuko kwenye kitako. Ulaya ni kanuni ya busara. Katika miombo, Amanita loosii una kifuko, na umekuwa chakula cha watu wa Tanzania, Zambia, Malawi na Katanga kwa vizazi. Wanawake wanaouchuma wanautofautisha na jamaa zake wabaya kwa alama wanazozijua vyema.

Ila elimu hiyo imejengwa juu ya orodha ya uyoga wa msitu fulani: ule unaoliwa, na ule usioliwa unaofanana nao. Mtu akihamia mahali ambapo orodha ya pili ni tofauti, alama zake za kutofautisha zinabaki bila kazi, kwa kuwa hajawahi kukutana na huyo mpinzani mpya. Msituni kwao, bibi hakuwa na sababu ya kuchungulia kijani kwenye mikunjo, kwa kuwa hakuchuma uyoga kwenye nyasi zilizokatwa za viwanja. Jambo hili limetokea kwa uchungu mkubwa zaidi kwingineko. Mwaka 2015 hospitali za Ujerumani zilipokea wakimbizi, wengi wao Wasyria, waliokula Amanita phalloides wakidhani ni uyoga wanaoujua wa kwao. Mwaka 2021 nchini Poland watoto wawili wa familia iliyohamishwa kutoka Afghanistan walifariki baada ya kula uyoga huohuo. Watu waliohama kwa sababu yoyote ile, iwe vita, ndoa, kazi au kumtembelea mtoto mjini, wanahitaji kuambiwa waziwazi kwamba macho yao mazuri yanahitaji mwaka mmoja au miwili ya kujifunza upya pamoja na wenyeji.

Hapa pana pengo ambalo mjini ni kubwa zaidi. Kijijini, mgeni angekutana na wenyeji wengine wakichuma, akawauliza. Katika mji ule hakuna mwenyeji aliyekuwa na desturi ya kula uyoga wa porini, hivyo hapakuwa na mtu wa kumwambia bibi kwamba ule wa uwanjani hauliwi. Kukosekana kwa wachumaji wengine mahali penye uyoga mwingi, mkubwa na mweupe kulipaswa kuchukuliwa kama swali.

Uchambuzi: vipimo vya jikoni

Mama alikuwa na shaka, na shaka yake ilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni kwamba aliikabidhi kwa kitunguu saumu. Hakuna kitunguu, mchele, sarafu wala kijiko cha fedha kinachoweza kutambua sumu ya uyoga, kwa sababu sumu hizo ni za namna nyingi zisizohusiana na hazina kitu kimoja cha pamoja ambacho kitunguu kingekigundua. Amatoksini haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Wadudu na konokono hula uyoga unaomuua mtu bila kudhurika. Ladha nayo si mlinzi, kwa maana walionusurika baada ya kula Amanita phalloides wameeleza kwamba ulikuwa mtamu. Kipimo cha namna hii hudhuru kwa njia ya pekee: humwondolea mtu hofu iliyokuwa inamlinda. Kama mama asingekuwa na kitunguu, huenda angeendelea kuuliza.

Jambo lingine linalopotosha ni kwamba Chlorophyllum molybdites haumdhuru kila mtu kwa kiwango sawa. Wapo wanaoula na kupata kichefuchefu kidogo tu, na wapo wanaolazwa. Ushuhuda wa mtu anayesema "mimi niliula na sikuona kitu" hauna uzito wowote kwa mtoto mwenye mwili mdogo.

Kilichookoa hali

Hatua ya mama ya kupiga simu ili chakula kisiliwe na pia kisitupwe ilikuwa nzuri kuliko zote zilizofanyika nyumbani usiku ule. Ilimkinga mumewe, ikawapa wahudumu mahali pa kuanzia. Maziwa hayakuwa na faida, na kumtapisha mtoto aliyelegea ni hatari, kwa kuwa matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Saa mbili zilizopotea kati ya kutapika kwa kwanza na kuondoka nyumbani zilimgharimu mtoto mdogo maji mengi, na kama mlo ungekuwa wa Amanita zingepunguza nafasi ya mkaa maalumu wa hospitali, unaonywewa ili unase sumu tumboni, kufanya kazi.

Kwa upande wa kituo, thamani yote ilitokana na swali la aina ngapi. Kadi nyingi za wagonjwa wa namna hii huandikwa "amekula uyoga" na kuishia hapo. Kadi ya kisa hiki ilikuwa na saa ya kula, saa ya dalili ya kwanza kwa kila mtu, kiasi alichokula, aina mbili za uyoga na mahali kila moja ilipoota. Mhudumu aliyeipokea hospitalini hakulazimika kumhoji upya mama aliyekuwa amechoka. Uamuzi wa kuwazuia watu waliokwisha kupata nafuu ulikuwa na gharama kwa familia, kwa kuwa siku mbili hospitalini ni fedha na ni kazi iliyosimama, na hatimaye vipimo vikaonyesha kwamba ini halikuguswa. Hata hivyo ulikuwa uamuzi sahihi kwa habari zilizokuwapo saa ile ulipofanywa. Tabibu aliyemruhusu mgonjwa asubuhi ya nafuu ya uongo hapati nafasi ya pili.

Hatua zilizobadilishwa baadaye

Familia haikuacha kula uyoga, na sioni sababu ya kuwataka waache. Bibi alirudi kwao na anaendelea kuchuma katika msitu wake. Kwa mjini walikubaliana naye kwamba atakayetambua ndiye atakayechuma, au angalau afike mahali uyoga ulipo kabla haujaguswa. Watoto hawakati tena kwa kisu. Wanachimbua kwa kijiti hadi kitako kitoke chote, na kila aina inakaa kwenye mfuko wake wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki huuozesha upesi. Uyoga hauoshwi kabla ya kukaguliwa. Katika kila kundi huchukuliwa pia mmoja uliokomaa kwa ajili ya kulazwa karatasini, nusu nyeupe na nusu nyeusi ili spora nyeupe na nyeusi zote zionekane. Mmoja mzima, mbichi, hubaki kwenye friji hadi siku ya pili baada ya mlo. Aina mpya hailiwi na watoto hata ikiwa imetambuliwa, na mtu mzima huanza na kiasi kidogo cha aina moja tu, bila kuichanganya na nyingine.

Kwa taasisi yenye uwanja, wazo la kwanza lilikuwa kupulizia dawa. Liliachwa, kwa kuwa mwili wa uyoga ni nyuzi zilizotanda chini ya nyasi, na kuondoa kofia zinazoonekana hakuzimalizi. Nyuzi hizo zinaweza kuishi kwa miaka na kutoa uyoga kila mvua inapokolea, mara nyingi kwa kufuata mduara unaotanuka. Mlinzi wa uwanja alionyeshwa uyoga ule ukiwa mchanga na ukiwa umekomaa, akafundishwa kuugeuza na kutazama mikunjo. Sasa anaung'oa asubuhi baada ya kila mvua kubwa kabla watoto hawajafika, na akiona mtu na kapu anamwita aje aone rangi ya kijani kwa macho yake mwenyewe.